Baina ya Kunena na Kunyamaza

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Aila, siku ya pili, baada ya chakula cha mchana)

     

Kwanza kabisa natoa shukurani zangu za dhati kwa Kamati ya Matayarisho kwa heshima hii waliyonipa ya kusimama mbele yenu. Kuwakusanya pahala pamoja watu waliotawanyika Maskati na Dubai, London na Leicester, Toronto na Columbus, pamoja na waliotufikia kutoka Unguja na Mombasa, si kazi ndogo. Waliolala saa chache ili sisi tulale vizuri wanastahiki shukurani zetu sote.

Kamati iliniomba nizungumze juu ya afya. Wengi wenu mnafahamu kwamba nilikuwa muuguzi kwa muda wa miaka 31 nchini Uingereza kabla ya kustaafu, na bila ya shaka mlitarajia nizungumze juu ya chumvi, sukari na mafuta ya kupikia. Hayo yana umuhimu wake, na walionitangulia katika mikutano iliyopita wameyaeleza vizuri. Mimi leo nataka kuzungumza juu ya jambo lisilopimika kwa mizani ya jikoni, nalo ni hili: nini huupata mwili pale mtu anapotaka kulitoa lililo moyoni mwake, na papo hapo akaogopa kulitoa? Nitajaribu kuonyesha kwamba anayenena kwa ridhaa yake huwa salama, na anayenyamaza kwa ridhaa yake aghalabu huwa salama pia. Anayetaabika ni yule aliyekwama njiani baina ya hayo mawili. Na sisi wa ughaibuni, kwa hali ya maisha yetu, tumekwama hapo zaidi kuliko tunavyodhani.

LUGHA YETU NA MIILI YETU

Mswahili hakusubiri daktari amwambie kwamba hisia hukaa mwilini. Aliyetukanwa husema amekatwa maini. Aliyezuia kilio husema donge limemkaba kooni. Mwenye hofu roho huwa juu na kijasho chembamba kikamtoka; mwenye hasira damu humchemka; mwenye huzuni ya siku nyingi kifua humbana. Maneno haya yalitungwa na watu waliojua kuisikiliza miili yao. Na katika kisa cha Nabii Yaakub, ambacho takriban kila mmoja wetu alisomeshwa chuoni, tunaambiwa kwamba macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya kumpoteza Yusuf, hali ya kuwa ameizuia huzuni hiyo kifuani mwake.

Wazee wetu walituachia pia methali, na ukizipanga utaona zinavutana. Upande mmoja wanatwambia kwamba mficha uchi hazai, na kwamba mficha maradhi kilio kitamfichua. Upande wa pili wanatuonya kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na kwamba mdomo huponza kichwa. Mtoto wa Kiswahili hulelewa na methali zote hizo kwa pamoja. Hufundishwa kwamba haya na stara ni pambo la mtu, na hufundishwa kwamba asiyesema ugonjwa wake hapati dawa. Ni juu yake mwenyewe kujua lini atumie ipi, na akishindwa kujua, hapo ndipo mvutano unapoanza.

MWILI UNAVYOJIHAMI

Sasa naomba niwaeleze kwa ufupi kinachotokea ndani. Mwaka 1915 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Walter Cannon, alichapisha kitabu juu ya mabadiliko ya mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na ghadhabu. Alionyesha kwamba kiumbe akitishwa, mwili wake hujiweka tayari kupigana au kukimbia. Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal, akaeleza jinsi mwili unavyoyajibu mashaka ya namna mbalimbali kwa jibu linalofanana, na jinsi unavyochoka iwapo mashaka hayo hayakomi.

Jibu lenyewe hupita njia mbili. Ya kwanza ni ya haraka, nayo hupita katika mishipa ya fahamu. Ubongo ukihisi hatari, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya mafigo humwaga adrenalini ndani ya damu. Moyo huenda mbio, mishipa ya damu ya ngozini hubana, viganja hutoa jasho, ini huachia sukari, na tumbo hupunguza kazi ya kusaga chakula. Njia ya pili ni ya taratibu zaidi: ubongo hupeleka amri kupitia damu, na tezi zile zile zikatoa kemikali iitwayo kotisoli, ambayo huiweka sukari juu ili mwili upate nguvu za kuendelea na mapambano. Kumbukeni sasa zile kauli zetu za kijasho chembamba na roho kuwa juu. Mtaona kwamba bibi zetu walikuwa wakiisoma adrenalini kabla haijapewa jina.

Matayarisho haya ni neema. Bila ya hayo nahodha asingeweza kuokoa jahazi lake katika dhoruba. Lakini dhoruba hupita, na ikipita mwili hutulia. Neno lililozuiwa kifuani halipiti namna hiyo. Mtu hulala nalo, huamka nalo, hukutana nalo tena kila simu inapolia. Mwaka 1993 Bruce McEwen na Eliot Stellar walieleza kwamba mwili unaoamrishwa kujihami kila mara hulipa gharama yake kidogo kidogo, katika moyo, katika mishipa ya damu na katika kinga dhidi ya maradhi. Mimi huufananisha na mashua iliyokwisha kutia nanga, lakini mashine yake haijazimwa: haiendi popote, na mafuta yanakwisha.

Hapa naomba nieleweke vizuri, hasa na wale ambao hupenda kutafuta sababu ya kuacha dawa. Sisemi kwamba presha inaletwa na siri. Presha ina mizizi mingi: umri, urithi wa wazazi, chumvi, unene, tumbaku, maradhi ya mafigo. Mwenye vidonge vyake na aendelee kuvimeza. Ninachosema ni kwamba moyo unaovutana na ulimi huongeza mzigo wake juu ya mizigo hiyo mingine.

MVUTANO WENYEWE

Kwa miaka mingi wataalamu wa elimu ya nafsi walikuwa wakiuliza swali moja tu: mtu huyu, je, huonyesha hisia zake au huzificha? Robert Emmons na Laura King, wa Marekani, waliligeuza swali hilo. Katika utafiti walioutoa mwaka 1988 waliwauliza watu juu ya makusudio ya maisha yao, na wakaangalia ni makusudio gani yanayogongana, au ambayo mwenyewe anayataka na hayataki. Waliokuwa na mgongano mkubwa ndio waliolalamika zaidi juu ya dhiki ya nafsi na maumivu ya mwili, na waliokuwa na makusudio yanayopingana walikwenda kwa daktari mara nyingi zaidi. Jambo jingine walilolikuta ni hili: pale palipo na mgongano, watu walikuwa hawatendi, bali wanafikiri tu, wakilizungusha jambo lile lile kichwani bila ya kuligusa.

Mwaka 1990 wakaliingiza swali hilo katika hisia zenyewe. Walitunga maswali 28 ya kupima ni kwa kiasi gani mtu anavutana na nafsi yake katika kuonyesha yaliyomo moyoni. Yako mavutano ya namna tatu. Yupo anayetaka kusema akashindwa: mke anayetaka kumwambia mumewe kwamba amechoka, na kila usiku akaahirisha. Yupo anayesema ilhali hakutaka: kijana aliyelazimishwa na wenziwe kusimulia msiba wake. Na yupo anayesema kisha akajuta, akakesha akijilaumu kwa kila neno lililomtoka. Kwa nje watu hawa watatu hawafanani hata kidogo. Mmoja ni bubu na mwengine ni msemaji. Kwa ndani wako kamba moja. Na mvutano huo uliambatana na dhiki ya nafsi kuliko ulivyoambatana nayo uchache wa maneno wenyewe. Utafiti wa namna hiyo huonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, na hauthibitishi lipi limemzaa mwenziwe. Hata hivyo unatufundisha kuuliza swali lililo sawa.

Na je, mwili hufanya nini mtu anapozuia? Mwaka 1993 James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha watu 85 filamu fupi za kuchukiza za matibabu hospitalini. Baadhi yao waliambiwa watazame tu. Wengine waliambiwa wajizuie, kiasi kwamba mtu anayewaangalia asijue kama wanahisi chochote. Waliojizuia walifaulu kwa uso: nyuso zao zilitulia zaidi. Lakini walipoulizwa, machukio yao yalikuwa yale yale, hayakupungua. Miili yao ilitikisika kidogo na hata mapigo ya moyo yalishuka, lakini dalili nyingine za kujihami, kama vile jasho la ngozi, ziliongezeka. Kwa maneno mengine, kuufunga uso hakukuifunga hisia. Kulimwongezea mtu kazi ya pili juu ya kazi ya kwanza.

Wengi wetu kazi hiyo ya pili tumeifanya miaka arubaini, na tumeifanya kwa ustadi mkubwa. Waswahili wa bara humsema mtu wa namna hiyo kwamba anakufa na tai shingoni.

ALIYEKAA MBELE YAKO

Huenda mtu akasema: mwili ni wangu, na mzigo ni wangu, nauchukua mwenyewe. Mwaka 2003 Emily Butler na wenziwe walitoa utafiti unaolijibu neno hilo. Waliwakutanisha wanawake wawili wawili wasiofahamiana, wakawaonyesha filamu ya kusikitisha ya vita, kisha wakawataka waizungumze. Katika baadhi ya jozi, mmoja wao aliambiwa kwa siri azuie hisia zake. Mwenziwe hakuambiwa kitu. Lakini presha ya huyo asiyeambiwa kitu ilipanda zaidi kuliko ya wale waliozungumza na mtu aliye huru. Mwili wake ulijua kwamba mbele yake pana mlango uliofungwa.

Hebu fikirini, ikiwa hivyo ndivyo kwa wageni waliokutana kwa muda mfupi, hali huwaje kwa mama na binti, au kwa mume na mke waliokaa pamoja miaka thelathini? Tunadhani tunawastiri watoto wetu kwa kunyamaza. Mara nyingine tunawapa mzigo ule ule bila ya jina lake, na mzigo usio na jina ni mgumu kuutua.

JE, TUSEME KILA KITU?

Hapa vijana wangu waliokulia Uingereza na Marekani watanishangilia. Katika nchi hizo mtu husifiwa kwa kusema yote, mbele ya yeyote, na mapema. Naomba msinishangilie bado.

Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 nchini Marekani, watu wengi walitarajia kwamba wasiozungumza watadhurika. Mark Seery, Roxane Silver na wenzao, katika utafiti uliotoka mwaka 2008, waliwafuatilia watu waliopewa nafasi ya kueleza hisia zao katika siku zile za mwanzo. Waliochagua kunyamaza hawakuwa na hali mbaya zaidi katika miaka miwili iliyofuata. Walikuwa na hali nzuri kuliko waliozungumza. Haina maana kwamba maneno yaliwadhuru waliozungumza, kwani huenda waliokuwa na dhiki kubwa ndio waliohitaji kusema. Maana yake ni kwamba kimya alichokichagua mtu mwenyewe, kwa moyo uliotulia, si maradhi.

Tena desturi ya mtu ina hukumu yake. Mwaka 2009 Butler na wenziwe waliwapima wanawake wa Kimarekani wa asili ya Ulaya na wa asili ya Asia walipokuwa wakizungumza jambo la kusikitisha. Kwa wale wa asili ya Ulaya, waliokuwa wazi zaidi ndio waliokuwa na presha ya chini. Kwa wale wa asili ya Asia ilikuwa kinyume chake. Mwaka 2007 Shelley Taylor na wenziwe walikuta jambo la karibu na hilo: kabla ya mtihani wa kutia wasiwasi, watu wa asili ya Asia walitulia zaidi, na kotisoli yao ikawa chini, walipokaa wakawafikiria watu wao wa karibu tu, kuliko walipoandika barua ya kuomba ushauri. Wa asili ya Ulaya walitulia zaidi kwa kuomba waziwazi.

Hao si Waswahili, nami siwachanganyi. Lakini mtu aliyekaa matangani anaifahamu dawa hiyo. Unaingia, unatoa mkono, unakaa mkekani. Huulizi kitu wala huulizwi. Mfiwa anaona mabega yaliyomzunguka, na hiyo peke yake ni hotuba. Babu zetu hawakuwa watu wasioonyesha hisia. Walikuwa na njia zao za kuzionyesha. Mwanamke aliyeudhiwa hakulazimika kugombana. Alivaa kanga yenye jina lililotosha, akapita mbele ya mlango unaohusika. Nyimbo za taarabu zilibeba kwa mafumbo yale ambayo hayakuweza kusemwa barazani, na Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilirikodiwa katika santuri huko Bombay mwaka 1928, aliimba dhuluma za mji wake mpaka zikajulikana pwani nzima. Msichana alikuwa na somo yake, ambaye alimwambia asiyoweza kumwambia mamake. Mwenye kufiwa na mume alikuwa na eda yake ya miezi minne na siku kumi, na katika muda huo hakuna aliyemtaka acheke.

Na subira, ndugu zangu, haikuwa kukauka macho. Mtume Muhammad (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe mchanga, Ibrahim, mbele ya masahaba zake. Huyo anayemwambia kijana kwamba mwanamume halii, na ampe kwanza jibu la hilo.

SISI WA UGHAIBUNI

Sasa nakuja kwetu. Tulipohama tulibeba haya na stara, lakini mikeka, masomo na baraza tuliviacha. Hiyo ndiyo taabu yetu. Tumebaki na amri ya kunyamaza bila ya zile njia za pembeni zilizokuwa zikiipa amri hiyo uzani wake. Na huku tulipo tumekuta desturi nyingine inayotwambia tuseme kila kitu. Mtu akinyamaza anajiona mgonjwa kwa kipimo cha huku. Akisema anajiona hana adabu kwa kipimo cha kule. Sijui mahali pazuri zaidi pa kuulea ule mvutano niliouelezea.

Nimeyaona hospitalini. Mzee wa Kiswahili humwambia mkalimani kwamba moyo unamuuma tangu alipofiwa na mkewe. Mkalimani hutafsiri neno kwa neno, daktari husikia habari ya ugonjwa wa moyo, na mzee hupimwa umeme wa moyo mara tatu. Vipimo ni safi, mzee hurudi nyumbani. Kipimo kile kilikuwa cha lazima, kwani maumivu ya kifua si ya kudharauliwa hata siku moja. Lakini hakuna aliyemuuliza habari za mkewe, naye hakujua kama inaruhusiwa kuzisema.

Tunayaona pia kwenye simu. Zamani ilikuwa barua na kanda za kaseti zilizopelekwa kwa mkono wa msafiri. Siku hizi ni sauti za WhatsApp. Chombo kimebadilika, maneno hayakubadilika: "Sisi huku wazima, hatuna neno." Anayesema hivyo kutoka Unguja ametoka kupimwa sukari. Anayesikia hivyo London ameachishwa kazi mwezi uliopita, naye anajibu kwamba hana neno vilevile. Wote wawili wanahurumiana, na wote wawili wanalala macho wazi.

Na limo lililo zito kuliko hayo. Yametokea katika aila hii, tena si mara moja, kwamba mtu aliye mbali amefichwa msiba. Amefichwa ugonjwa wa mzazi mpaka mzazi akazikwa, kwa sababu alikuwa na mitihani, au alikuwa mja mzito, au alikuwa peke yake na tulimwogopea. Waliofanya hivyo walifanya kwa mapenzi. Lakini aliyefichwa mara moja hupoteza utulivu wa neno "wazima". Tangu siku hiyo kila simu ya alfajiri humpandisha roho, hata ikiwa ni mtu amekosea saa. Tulimkinga na huzuni ya wiki, tukampa hofu ya miaka.

Mwisho nitataja jambo ambalo limekuwa nasi katika chumba hiki tangu jana bila ya kutajwa. Wapo kati yetu walioondoka Unguja baada ya mapinduzi ya Januari 1964. Wapo waliofika Omani baada ya mwaka 1970, milango ilipofunguliwa. Wapo waliobaki Unguja, wakajenga maisha yao huko, na wakawa na maoni yao wenyewe juu ya yaliyopita. Watu hawa wote ni aila moja, na leo wamekula sahani moja ya biriani. Kila upande una maneno uliyoyameza kwa ajili ya umoja wetu, nami nauheshimu umezaji huo. Umetuweka pamoja. Lakini watoto wetu wanajua tarehe tu. Hawajui ni nani aliyefunga mlango wa nyumba mara ya mwisho, wala ufunguo uko wapi. Na kila mwaka tunapokutana, viti vya mbele vinapungua.

NINAYOYAPENDEKEZA

Mheshimiwa Mwenyekiti, sikuja kuomba kila mtu asimame atoe yaliyo moyoni mwake. Hiyo ingekuwa kinyume cha niliyoyasema. Naomba Jumuiya itafakari mambo manne.

La kwanza: kila mmoja wetu awe na somo yake. Mtu mmoja tu, ndani ya aila au nje yake, ambaye anaweza kumwambia lile ambalo hataki lifike kwingine, naye akalihifadhi. Asiyekuwa na mtu, na aandike. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwataka wanafunzi waandike kwa siku nne mfululizo, dakika 15 kila siku. Walioandika habari za misiba yao pamoja na hisia zao walitoka wakiwa na huzuni zaidi na presha imepanda. Lakini katika miezi sita iliyofuata walikwenda zahanati mara chache zaidi kuliko wenzao. Tangu hapo jambo hilo limejaribiwa mara nyingi, na mapitio ya tafiti 146 yaliyotoka mwaka 2006 yalionyesha kwamba faida ipo, ingawa ni ndogo. Dawa isiyohitaji ila kalamu, hata ikiwa ni ndogo, si ya kuitupa. Na ukimaliza, karatasi unaweza kuichoma.

La pili: liwepo daftari la aila, likae kwa Katibu. Kila mtu mzima aandike kwa mkono wake jinsi anavyotaka kuarifiwa: ugonjwa wa mzazi, aambiwe mara moja au baada ya vipimo? Msiba, aambiwe na nani, na akiwa na nani karibu yake? Kwa hivyo hakuna atakayelazimika kukisia, na hakuna atakayefichwa pasi na ridhaa yake. Anayetaka asiambiwe mapema, hilo nalo litaheshimiwa, kwa kuwa amelichagua mwenyewe.

La tatu: mzee yeyote anayetaka kusimulia maisha yake apatiwe kijana mmoja wa kumsikiliza na kurikodi, kwa muda anaoutaka yeye. Mzee ndiye atakayesema sauti hiyo isikilizwe na nani, na lini. Akitaka isifunguliwe ila baada yake, isifunguliwe. Na mzee asiyetaka kusimulia asiulizwe mara ya pili. Nanyi vijana, mkipewa kazi hiyo, msiende kama polisi. Nendeni kama mtu anayeingia matangani: toeni mkono, mkae, mngoje.

La nne ni fupi. Kesho asubuhi, kabla ya chai, nitakuwa na kipimo cha presha kwenye meza karibu na mlango. Kila aliyevuka miaka arubaini na apite. Sitamuuliza mtu kitu zaidi ya mkono wake. Akiwa na la kusema, nitakuwa na kiti cha pili.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimezungumza kwa urefu, na naona wapishi wameanza kutuchungulia. Naomba kuyawasilisha mapendekezo haya mbele ya mkutano ili yajadiliwe katika kikao cha jioni, na yale yatakayopitishwa yaandikwe katika kumbukumbu zetu.